Simba Aliyelia na Simba Asiyelia

Mjukuu wangu ana miaka kumi. Desemba 2024, shule zilipofungwa, mama yake alimleta kutoka Arusha. Alishuka stendi ya Katesh akiwa na begi la nguo mgongoni na flashi aliyoining'iniza shingoni kwa uzi, mfano wa hirizi. Ndani ya flashi hiyo mlikuwa na filamu mbili zenye jina moja: The Lion King ya mwaka 1994, iliyochorwa kwa mkono, na The Lion King ya mwaka 2019, iliyotengenezwa kwa kompyuta. Kabla hatujafika nyumbani Gendabi alikwisha kuamua kwamba tutazitazama zote mbili, na kwamba mimi ndiye nitakayesema ipi bora.

"Babu, si ulikuwa unasahihisha mitihani ya taifa? Basi sahihisha hizi."

Najua wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukutana na vina, mizani na utata wa ngeli, na huenda wapo watakaojiuliza mzee mstaafu ana nini na katuni za Wamarekani. Nakiri kosa mapema. Mimi ni mpenzi wa filamu ile ya kwanza kwa miaka ishirini na saba sasa, nami huipenda kama mtu apendavyo wimbo wa ujana wake, yaani bila kuwa na haki kamili ya kuuhukumu. Nimejaribu hata hivyo.

Nilikutana nayo Babati, mwaka 1997. Nilikuwa nikifundisha Kiswahili na Kiingereza katika shule ya sekondari, miaka kadhaa baada ya kutoka Chuo cha Ualimu Marangu. Mwalimu mwenzetu alirudi kutoka Nairobi na mkanda wa video. Shule ilikuwa na runinga moja, deki moja, na jenereta iliyokunywa petroli kuliko lori. Jumamosi jioni tuliwakusanya watoto wa nyumba za walimu, wakajaa sakafuni. Dakika ya kwanza tu tatizo likajitokeza: filamu ilikuwa ya Kiingereza, nao watoto walijua Kiswahili na Kiiraqw. Wako watu, kama Lufufu, walioifanya kazi ya kutafsiri filamu kwa sauti kuwa fani kamili, hata mikanda yao ikasambaa nchini. Mimi nilikuwa mtafsiri wa usiku mmoja. Nikasimama kando ya runinga kama manju aliyesahau ngoma yake nyumbani, nikaanza.

Ule wimbo wa ufunguzi, jua linapochomoza, umeanza kwa Kizulu, kwa sauti ya Lebo M wa Afrika Kusini. Watoto wakaniuliza ni Kiswahili cha wapi. Nikawajibu kwamba ni Kiswahili cha simba, wakaridhika. Nyimbo nyingine niliziruka, kwa kuwa mtu hawezi kutafsiri wimbo huku amesimama. Mfalme nilimpa sauti ya mkuu wa shule. Fisi niliwapa lafudhi ya bwana ushuru mmoja wa mnadani ambaye watoto wote walimjua, nao wakacheka hadi jenereta isisikike. Kisha likaja lile bonde, na wale nyumbu, na mfalme akaanguka. Mtoto wake alipomsogelea pale vumbini, akamsukuma kwa kichwa, akamvuta sikio, nilishusha sauti nikasema, "Baba, amka." Chumba kikanyamaza. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka tisa, alilia mpaka mama yake akaja kumchukua.

Alipokuwa mtu mzima aliniambia kwamba ameitazama tena filamu ile, safari hii kwa Kiingereza, na kwamba kuna kitu kimepungua. Nilidhani angezungumzia picha. Akasema, "Wewe humo haumo."

Mwanangu huyo alifariki mwaka 2022, kwa maradhi ya figo. Ndiye baba wa mjukuu huyu. Alikuwa amemsimulia mwanawe kwamba ipo filamu ya simba ambayo Babu ndiye anayeisema.

Mkanda wenyewe haupo tena. Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang' ulimwaga tope, mawe na magogo juu ya Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi ikiwamo, na watu zaidi ya themanini wakapoteza maisha. Kwetu tope liliingia chumba cha nyuma tu, sisi wote tukapona. Mkanda ulikuwa chumba hicho, pamoja na makasha ya vitabu vyangu. Ninautaja kwa kuwa mada inanidai. Kwa majirani waliozika, mkanda si kitu.

Basi tulianza na filamu ya pili, kwa sababu ndiyo mjukuu aliyoizoea. Kompyuta mpakato tuliiweka juu ya meza ya kulia chakula, umeme wa sola ukitosha kwa saa mbili na nusu kama hakuna anayechaji simu.

Niseme kwanza kwamba kuirudia kazi iliyokwisha kutendwa si dhambi. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha akaichukua mwenyewe, akaifanyia kazi upya, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Hata jina la marehemu lilipitishwa tanurini likatoka na irabu zake. Na sisi watu wa ushairi tuna desturi ya kale zaidi ya hiyo. Tuna takhmisa. Mtunzi huchukua beti za mwenziwe zenye mishororo miwili miwili, akatanguliza mishororo mitatu ya kwake, zikawa mitano mitano. Ndivyo ilivyotungwa ile Takhmisa ya Liyongo inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Nasir. Sharti lake ni gumu kuliko linavyoonekana: ile mishororo mitatu mipya lazima iufungulie njia mshororo wa kale, msikilizaji anapoufikia auone kana kwamba umetungwa leo asubuhi. Mishororo mipya ikiwa ya kujaza nafasi tu, ule wa zamani huonekana kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kwa kipimo hicho ndicho nilichokaa kitini. Filamu ya 1994, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, ina dakika 88. Ya 2019, ya Jon Favreau, ina dakika 118. Hadithi ni ile ile, mpangilio ni ule ule, na mara nyingi hata mahali pa kamera ni pale pale. Kuna dakika thelathini za mishororo mipya, na nilitaka kujua zinafungua mlango gani.

Nyingine zinafungua. Katika filamu ya kwanza Nala anatokea tu msituni, anawinda, anakutana na rafiki yake wa utotoni. Tunaambiwa alikotoka, hatuoni. Filamu ya pili inatuonyesha anavyoondoka usiku kwa kunyemelea, dhalimu akiwa karibu, pumzi zikiwa zimezuiwa. Nilipokuja kumwona msituni nilimwelewa zaidi. Huo ni mshororo mzuri.

Lakini kuna ule mkasa wa manyoya. Katika filamu ya kwanza Simba anajitupa chini kwa huzuni juu ya jabali, upepo unachukua vumbi na nyuzi zake hadi kwa Rafiki, ambaye anainusa harufu na kutambua kwamba kijana yu hai. Kazi imekwisha kwa muda mfupi tu. Katika ya pili kishungi cha manyoya kinasafiri: kinachukuliwa na ndege, kinaliwa na twiga, kinatoka kwenye kinyesi cha twiga, kinafingirishwa na mdudu, kinabebwa na sisimizi. Mjukuu wangu alicheka sana pale penye kinyesi, nami sikumnyima haki yake. Ila nimesahihisha mashairi ya wanafunzi kwa miaka zaidi ya thelathini, nawajua wanaoongeza "naam" na "hakika" ili mizani itimie nane.

Kilichoniudhi zaidi si kilichoongezwa. Wameondoa bakora. Katika filamu ya 1994 Simba anakataa kurudi kwao kwa sababu ya yaliyopita, na Rafiki anamchapa fimbo kichwani. Simba akilalamika, nyani yule anamjibu kwamba si neno, limekwisha kupita. Kisha anaizungusha fimbo tena, na safari hii Simba anainama, fimbo inakata hewa. Chuoni Marangu tulitumia muhula mzima kufundishwa kwamba mwalimu asihubiri, atende. Nyani yule alilimaliza somo hilo kwa mapigo mawili. Waliopanga filamu ya pili walikuwa na dakika thelathini za ziada na hawakuipatia nafasi.

Sasa nije kwenye majina, kwa kuwa hapo ndipo mtu wa lugha anapokaa wima.

Watunzi wa 1994 walichota majina kisimani kwetu, mengine kwa bahati nzuri, mengine kwa kikombe kilichotoboka. Simba ni simba, na Rafiki ni rafiki, hayahitaji maelezo. Pumbaa ni kitenzi kilichogeuzwa jina, na kwa ngiri yule kinafaa. Lililo zuri kupita yote ni la mama yake Simba, Sarabi. Ninashuku kwamba watazamaji wengi wa ulimwengu hawakujua, na vijana wetu wengi pia hawajui, kwamba sarabi ni yale mazigazi, maji yasiyokuwapo yanayometameta mbele ya msafiri. Mjukuu aliponiuliza nilimchukua kesho yake tukashuka upande wa Ziwa Balangida, ambalo kiangazi maji yake hurudi nyuma na kuacha uwanda mweupe wa chumvi. Saa saba mchana sarabi ilikuwa pale, imesimama, imepambwa, na ng'ombe wa watu wakipita katikati yake miguu ikiwa haigusi chini. "Huyo ndiye mama yake Simba," nikamwambia. Akaitazama muda mrefu, akauliza kama tukikimbia tutamfikia.

Filamu ya pili ilibadili baadhi ya majina. Fisi wawili wa kwanza waliitwa Banzai, ambalo ni neno la Wajapani la kushangilia, na Ed, ambaye kazi yake ilikuwa kucheka tu. Mahali pao pamewekwa Kamari na Azizi. Naelewa nia ilikuwa njema: ikiwa nchi ni ya Afrika, basi na fisi wawe na majina ya Afrika. Yamkini aliyelichagua Kamari alikuwa na mwezi akilini, kwa kuwa kwa Kiarabu mwezi ni qamar. Sikio la Mswahili halisikii mwezi hapo, linasikia watu wamechuchumaa uchochoroni wakitupa dadu. Na kumwita fisi Azizi, mpenzi wa roho, ni mzaha ambao sidhani kama waliukusudia, nami niliufurahia kuliko yote waliyoyakusudia. Mwezi huo huo wa Desemba ilitoka filamu ya tatu, Mufasa, inayosimulia ujana wa mfalme, na humo nduguye, kabla hajapata kovu linalompa jina la Scar, anaitwa Taka. Mjukuu alitaka kujua ni mzazi gani anayeweza kumwita mwanawe Taka. Nilimwambia wapo. Zipo jamii zetu ambazo mama aliyekwisha kuzika watoto watatu humwita wa nne Jalala, ili kifo kipite, kimdharau, kiende zake.

Beyoncé, aliyempa Nala sauti katika filamu ya 2019, ameimba humo wimbo uitwao Spirit, unaoanza kwa kibwagizo cha Kiswahili cha kumwombea mfalme maisha marefu. Nilifurahi kukisikia, kisha mwalimu aliyemo ndani yangu akachukua kalamu nyekundu. Sarufi ni sahihi. Lakini ni Kiswahili kilichovaa suti ya kuazima, kimepimwa kwa futi ya Kiingereza. Mzee wa kwetu angesema "mfalme na adumu", akaishia hapo.

Ipo na habari ya nani mwenye maneno haya. Kabla ya Simba wa Marekani alikuwapo mwana-simba wa Kijapani, mweupe, wa Osamu Tezuka, aliyemchora tangu 1950 na kumpeleka kwenye runinga mwaka 1965. Naye alirudiwa mwaka 1989, mwaka ule ule Tezuka alipofariki. Wajapani walimwita Leo. Wamarekani walipotaka kumwonyesha kwao, inasimuliwa, walifikiria kumwita Simba, kisha wakaogopa kwamba neno la watu wote haliwezi kuwa mali ya kampuni, wakageuza herufi ya kwanza akawa Kimba. Filamu ya 1994 ilipotoka wachoraji wa Japani walilalamika kwamba simba huyu anafanana mno na yule, Disney wakakana. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Ninachokitazama ni ile herufi K. Mwaka 1965 mtu aliona haya kulimiliki neno letu. Mwaka 1994 kampuni ya Disney iliomba kusajili nchini Marekani maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara kwenye nguo, ikapewa mwaka 2003, na mwishoni mwa 2018, filamu ya pili ikikaribia, Mzimbabwe Shelton Mpala akaanzisha ombi la kupinga, likatiwa saini na watu wengi. Niongeze hapa, kwa faida ya walio mbali, kwamba Tanzania hatusemi sana "hakuna matata". Tunasema hakuna shida, hamna neno, wala usijali. Maneno yale yalikuwa mashuhuri zaidi Kenya, ambako kundi la Them Mushrooms liliyaingiza katika wimbo wa Jambo Bwana mwaka 1982, wakiwaimbia watalii. Lakini mtu akikuibia kanzu usiyoivaa, bado amekuibia.

Jina moja nimeliacha makusudi hadi hapa.

Kiongozi wa fisi anaitwa Shenzi. Watu wa pwani walilitumia neno mshenzi kwa sisi wa bara, watu tusio na mavazi yao wala adabu zao, na historia yake na biashara ya utumwa haihitaji kurudiwa mbele ya wasomaji hawa. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilipelekwa shule ya bweni mbali na kwetu. Kiswahili changu kilikuwa kinanukia Kiiraqw. Nilizitamka konsonanti kutoka kooni, mahali ambapo Kiswahili hakijawahi kukanyaga. Mwanafunzi mwenzangu alinipa jina hilo siku ya tatu. Lilikaa mihula miwili, hata mwalimu mmoja akawa ananiita kwalo akitabasamu. Wengine husema walisomea Kiswahili kwa kukipenda. Mimi nilikisomea ili siku moja niwe mtu wa kukosoa na si wa kukosolewa. Mapenzi yalikuja baadaye, na yalipokuja yalinishangaza.

Ndiyo maana Jumamosi ile ya 1997, mbele ya watoto wale, niliruka. Kila jina lile lilipotajwa mimi nilisema "Fisi Jike". Katika filamu ya kwanza Shenzi ni kichekesho, mwenye njaa na mdomo mrefu, na amepewa sauti ya mtu wa mitaa ya kimaskini. Sikutaka watoto wa Babati walicheke jina hilo huku wakiwa hawajui kwamba, kwa kamusi ya watu fulani, ni lao.

Katika filamu ya pili Shenzi amepewa sauti na Florence Kasumba, mwigizaji aliyezaliwa Kampala na kukulia Ujerumani. Hachekeshi. Anazungumza polepole, anawatawala fisi wote, na Scar mwenyewe anapokwenda kwake anakwenda kwa tahadhari. Wameheshimu hata elimu ya wanyama, kwa maana kwa fisi madoa jike ndiye mkuu. Jina halikubadilika hata herufi moja, lakini aliyelibeba amesimama wima. Mjukuu aliniuliza maana yake nikamwambia, pamoja na habari ya bweni. Akakunja uso. "Lakini Babu, huyu ndiye malkia wao."

Hapo filamu ya pili niliipa alama zote. Ningekuwa nimeitazama nikiwa na miaka kumi na minne, sijui.

Lakini sasa uso. Favreau alieleza kwamba katika filamu nzima picha moja tu ndiyo iliyopigwa kwa kamera Afrika, ile ya kwanza kabisa ya jua linachomoza. Zilizobaki zote zimeumbwa na kompyuta. Na zimeumbwa kwa ustadi wa kutisha. Unyoya mmoja mmoja unapepea, mchanga unanasa kwenye unyevu wa pua, misuli ya bega inateleza chini ya ngozi. Jirani yangu, mzee wa Kidatoga, alipita kuomba kiberiti, akasimama mlangoni akatazama. Hawa ni watu ambao katika mila zao za kale kijana aliyeua simba alishangiliwa na kutunukiwa ng'ombe, kwa hiyo sikuharakisha kumpa kiberiti. Alitazama kwa jicho la mtu anayechagua mahali pa kuchoma mkuki.

"Huyu ni simba kweli," akasema. Akangoja kidogo. "Ila kwa nini anaongea?"

Kesho yake jioni alirudi, bila kisingizio cha kiberiti, tukiwa tunatazama filamu ya kwanza, ile ya kuchorwa. Simba wa pale wana nyusi kama za binadamu, rangi zao zimepakwa, manyoya ya mfalme ni mekundu kama udongo wa Mbulu. Alikaa hadi mwisho. Hakuuliza kwa nini wanaongea.

Nilifundisha fasihi simulizi miaka yote ile kwa kuchora ubaoni michoro ya tanzu na vipera, na sikuwahi kupata mfano bora kuliko swali la mzee yule. Sungura wa ngano si sungura. Fisi wa ngano si yule tunayemsikia hapa Gendabi usiku akizunguka zizi. Bibi anaposimulia, hakuna mtoto anayeuliza fisi alipata wapi mfuko wa kubebea unga, kwa kuwa fisi ni umbo tu lililoachwa wazi makusudi, ili tamaa ya binadamu iingie ikae humo. Filamu ya kwanza iliacha nafasi hiyo. Filamu ya pili imeijaza kwa manyoya.

Na simba wa kweli halii machozi. Hapo ndipo mafundi wa 2019 walipojifunga wenyewe. Waliapa kuufuata uhalisia, na uhalisia ukawadai ahadi yao mahali pabaya kabisa, kule bondeni. Mtoto anamkuta baba yake, sauti inalia, sauti imejaa uchungu, na uso ni uso wa paka mzuri anayetazama kitu. Hata baba anaporudi mawinguni usiku, filamu ya kwanza inamleta wazi, mkubwa, mwenye mwanga. Ya pili inakupa wingu na radi, ujitafutie mwenyewe sura ndani yake. Sauti peke yake ndiyo iliyobaki: James Earl Jones, aliyekuwa Mufasa mwaka 1994, akaitwa tena kuwa Mufasa mwaka 2019, peke yake kati ya waigizaji wakuu. Umri umeitia sauti ile mchanga kidogo. Alikuwa amefariki mwezi Septemba, miezi mitatu kabla hatujaketi mbele ya kompyuta hiyo.

Usiku huo wa filamu ya kwanza, kabla haijaanza, mjukuu alinigusa mkono. Anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza. Anakielewa kuliko nilivyokielewa mimi nikitoka chuoni. Hahitaji mtafsiri.

"Babu, isemee."

Nikaisemea. Sauti si ile ya 1997, na kuna mahali Kiingereza kilinipita nikabaki nyuma kama mzee anayefukuza basi. Wimbo wa Kizulu ulipoanza nilimwambia ni Kiswahili cha simba, akacheka kwa namna iliyonionyesha kwamba alikuwa anakingoja, alikwisha kusimuliwa. Bwana ushuru wa mnadani hayupo siku hizi, kwa hiyo fisi niliwapa lafudhi ya kondakta. Shenzi nilimtaja kwa jina lake.

Tukafika bondeni. Nyumbu wakapita, vumbi likatua, mtoto akashuka akiita. Nilifungua kinywa, na neno lile ambalo nililisema mbele ya watoto wa Babati bila kulifikiri halikutoka. Mke wangu aliacha kupepeta mchele. Mzee jirani alikuwa akitazama sakafu. Kwenye kioo yule mtoto akasukuma kwa kichwa, akavuta sikio.

Mjukuu akasema, polepole, kwa Kiswahili, akimtazama simba na si mimi:

"Baba, inuka."

Miaka ishirini na saba nimekuwa na neno "amka" mahali hapo. Amka humfaa aliyelala. Sikuwahi kulitilia shaka, na mwanangu alipolilia sikumrekebisha.

Fisi walitokea upande wa juu wa jabali. Mjukuu akajipangusa pua kwa mkono wa shati. "Haya Babu, endelea wewe," akasema, nikaendelea.